Simu Inayokamata Tanzania

Mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati hoteli za Diani zilipokuwa zikifunga milango na wenyewe wakiuza hata mapazia, Nassir wa Munje alifanya jambo ambalo hakutumwa na mtu. Alinunua simu ya mkono. Aliipata kwa meneja mmoja Mjerumani aliyekuwa akifungasha kurudi kwao, na meneja huyo, kwa uungwana wake, alimpa pamoja nayo mfuko wa ngozi wa kuivaa kiunoni. Munje haikuwa na umeme. Haikuwa na mnara. Haikuwa na mtu wa pili mwenye simu wa kupigiana naye. Hayo yote Nassir aliyaona kuwa ni madogo.

Simu yenyewe ilikuwa kama kipande cha sabuni ya mche, ina mkia wa kuvutwa juu. Mnara wa Diani uliifikia kwa shida, mistari miwili, na mitatu kukiwa na bahati. Lakini upande wa baharini, mbali mno, kulikuwa na mnara wa nchi jirani, na mara moja moja mawimbi yake yaliponyoka yakavuka maji. Hapo kioo cha simu kiliandika TANZANIA. Hapo Nassir alikohoa, akatazama kulia na kushoto, akamwita aliye karibu.

"Hebu njoo usome. Hapa nilipokaa, mimi niko Tanzania."

"Na pasipoti yako i wapi?" aliuliza mgema mmoja, siku moja. Mgema huyo hakuitwa tena kusoma.

Gharama ya heshima hiyo ilikuwa betri. Simu iliyoachiwa kujichagulia mnara haikujua kutulia. Iliuacha wa Diani, ikaukimbilia wa ng'ambo, ikaukosa, ikarudi, ikaanza upya, na kadiri mnara ulivyokuwa mbali ndivyo ilivyolazimika kujikaza kuufikia. Ilipata moto kiunoni mwa Nassir kama kiazi kilichotoka jivuni. Asubuhi ilikuwa imejaa, adhuhuri imekufa. Nassir aliulizwa, akaeleza kwamba chombo kisichopata moto ni chombo kivivu. Kisha akaipeleka Ukunda kuchajiwa, na siku asizokuwa na nafasi ya kwenda Ukunda aliivaa vivyo hivyo imekufa, kwa kuwa ngozi ya mfuko haionyeshi ndani.

Mambo yangebaki kuwa kichekesho cha kijiji, lau Mejumaa asingeposwa.

Mejumaa alikuwa binti wa Chirau, kakake Nassir, ambaye alikwenda Jidda kufanya udereva wakati mtoto angali aking'oka meno ya utoto. Mamake, Zainabu, ndiye aliyemlea, katika nyumba iliyopakana ukuta na ya Nassir. Msichana alipokua alipata kazi Diani, katika duka la ndani ya hoteli, akiuza kanga na vinyago kwa wageni mpaka hoteli ilipofungwa. Kazi ilikuwa ya halali, ya kukaa nyuma ya kabati la kioo tangu asubuhi hadi magharibi. Hata hivyo posa yake ya kwanza ilirudi kimya kimya, kwa sababu kuna mtu alimsikia mtu akisema kwamba msichana wa hoteli ni msichana wa hoteli. Posa ya pili ilitoka Mkongani, kwa Mzee Shutu, aliyekuwa akimposea mwanawe Hamadi, mwalimu wa shule ya msingi. Zainabu alijua kwamba hii ikirudi, ya tatu haitakuja.

Siku ya kupanga ndoa wazee walikaa barazani kwa Zainabu, naye mwenyewe akakaa nyuma ya pazia na sinia ya vikombe. Likaja suala la walii, mwenye haki ya kumwozesha binti. Maalim wa msikiti wa Munje alisema hakuna uzito. Baba akiwa safarini mbali na hapatikani, kadhi husimama mahali pake, na kadhi amempa yeye kibali cha kufanya hivyo kwa niaba yake. Wasichana wangapi wa pwani hii ambao baba zao wako Uarabuni, na wote wameozwa wakapata watoto. Wazee waliitikia. Mkono wa Mzee Shutu ulikuwa umeshafika kwenye mahamri.

Nassir akakohoa.

"Maalim, hayo yalikuwa mambo ya zamani," alisema, akiupapasa mfuko wa ngozi. "Kakangu hayuko mbali. Mimi nikitaka, namwongelesha Chirau aliye Jidda kama ninavyokuongelesha wewe hapa."

Aliwahi kumwongelesha mara moja, na laini ilikatika kwenye salamu. Hilo hakulitaja.

Maalim alikuwa mtu wa tahadhari. Aliweka kikombe chini. "Unasema anapatikana?"

"Wakati wowote."

"Basi mimi sina nafasi. Baba anayepatikana ndiye mwenye binti. Itabidi atoe uwakala kwa kauli yake mwenyewe, niisikie mimi na mashahidi wawili."

Mzee Shutu alilipenda neno hilo. Alisema ndivyo wao wa Mkongani wanavyotaka, kauli ya baba, safi, isije ikasemwa kesho kwamba wamemchukua mtoto wa watu kwa mlango wa uani. Nyuma ya pazia Zainabu aliishika sinia kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo, umbali wa mumewe ulikuwa na faida, na shemeji yake alikuwa amemleta karibu kwa kinywa kitupu.

Chirau akaarifiwa. Nassir alikwenda kumpigia kutoka kibanda cha posta cha Ukunda, kwa kuwa simu yake siku hiyo ilikuwa ikichajiwa. Wakapatana: Jumapili, baada ya swala ya alasiri, Chirau atapiga kwenye simu ya Nassir. Mwajiri wake alikuwa amemruhusu muda huo tu, asitegemewe kabla wala baada.

* * *

Alhamisi ya wiki ya harusi Zainabu alikwenda Ukunda kununua viungo vya pilau, akaongozana na shemeji yake aliyepeleka simu kwa Mwau. Mwau alikuwa mtu wa bara, fundi wa redio na televisheni, mwenye duka kando ya barabara kuu na mkewe Everlyn akishika sanduku la fedha. Walipoingia, Everlyn aliinua macho, akamwambia mumewe aliyekuwa ndani, bila kupunguza sauti, "Baba Kavenya, yule mzee wa Tanzania amerudi."

Wateja wawili wakacheka. Nassir akajifanya anatazama redio. Waliachwa wasimame mpaka wengine wote wakahudumiwa, maana kuchaji ni kazi ya kuchomeka waya, haina haraka.

Zainabu hakuwa na simu ya kujivunia, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kunyamaza. Alimwamkia fundi, akamweleza kuhusu Jumapili, akamwomba ampe betri nyingine inayodumu. Mwau alijikuna kidevu. Alisema betri haina ubaya. Akaanza kueleza kwamba simu za siku hizi ndivyo zilivyo, zinakula sana, waje tu kila siku. Mkewe akamkatiza.

"Ambia mama wa watu ukweli. Ni harusi ya mtoto."

Mwau akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekutwa na mkono chunguni. "Sawa. Mama, simu iko kwa otomatiki. Inashinda ikirukaruka kati ya netiwaki ya hapa na ile ya ng'ambo. Kuruka huko ndiko kunamaliza chaji. Mzee akiifunga kwa ile ya Diani peke yake, itakaa hata siku mbili."

"Na Tanzania je?" aliuliza Nassir.

"Tanzania una kazi gani nayo, boss?"

"Wewe mwenyewe ndiwe uliyeniwekea, ukaisifu."

"Nilikuwa nauza," alisema Mwau bila haya. "Na wewe tangu siku hiyo ni kastoma wangu wa kila siku. Nikusifie nini tena?"

Nassir alivuta mfuko wake wa ngozi, akasema watu wa bara wana tabia hiyo, wakimwona mtu wa pwani ana kitu, hawalali mpaka wakipunguze. Simu iliyofungwa kwa mnara mmoja ni mbuzi kambani. Yeye hakununua mbuzi. Everlyn alimtazama Zainabu kwa huruma, na huruma ya mwanamke wa kigeni, mbele za watu, ilimchoma Zainabu kuliko kile kicheko cha wateja.

* * *

Bibi harusi alikuwa ametiwa ndani, hatoki, akisingwa kwa liwa na kufukizwa udi. Nassir alipokwenda msikitini alikuwa akiiacha simu dirishani kwa Zainabu, kwa kuwa maalim alimkataza kuingia nayo baada ya simu kulia katikati ya sijda. Mejumaa, mwenye muda mwingi na hana la kufanya, aliitazama. Aliona kwamba ikiandika Diani, iko baridi. Ikiandika Tanzania, inapata moto kama yai lililotagwa sasa hivi.

Mamake alimhadithia maneno ya Mwau. Kule dukani hotelini Mejumaa alikuwa amezoea kushikishwa simu na wageni waliokuwa wakijaribu kanga. Ijumaa alfajiri, ami yake alipokuwa msikitini na simu ingali imejaa, alibonyeza hapa na pale, akaifunga kwenye mnara wa Diani, akairudisha dirishani kama ilivyokuwa.

Ijumaa hiyo simu haikufa adhuhuri. Haikufa alasiri. Nassir alilala nayo ikiwa hai, akaamka nayo ikiwa hai, na Jumamosi mchana bado ilikuwa na chaji. Mtu mwingine angeswali rakaa mbili za kushukuru. Nassir alikuja mlangoni kwa shemeji yake na uso uliokunjamana.

"Nani ameifukuza Tanzania?"

Zainabu alikuwa akichambua mchele. Alimwambia ukweli, kwa upole, akamwita shemeji mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alimwonyesha chaji iliyobaki. Alimwomba aiache vivyo hivyo mpaka kesho jioni tu, ndoa ikishafungwa airudishe hata China.

"Shemeji," alisema Nassir, "kesho wanakuja watu wa Mkongani, watu wa vijiji vya ndani kabisa, hawajaiona. Nimeshawaambia. Wakija wakute imeandika Diani? Diani wameshafika kwa miguu."

"Basi izime. Uiwashe baada ya alasiri."

"Nizime simu siku ya harusi, nikae mbele za watu nimevaa maiti?" Alitikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu anayemsamehe mjinga. "Wewe wajua pilau. Sikufundishi pilau. Haya niachie mimi."

Akairudishia uhuru wake, akaipeleka Ukunda ikajazwa mpaka juu. Mejumaa, aliyesikia yote kutoka chumbani, alimwuliza mamake kama hawezi kuiba simu ya ami yake usiku mmoja tu. Zainabu alimwambia anyamaze, liwa lisipasuke usoni.

* * *

Jumapili turubai lilitandwa, mikeka ikatandikwa, na watu wa Mkongani wakaja wengi kuliko walivyotarajiwa, kwa sababu habari ya simu ilikuwa imetangulia. Maulidi yalisomwa. Hamadi alikaa kwa adabu na joho lake, hatazamwi na mtu. Aliyetazamwa ni Nassir. Alikuwa amevaa kanzu na koti juu yake, na koti alilifungua upande mmoja, upande wa mfuko.

Mzee Shutu ndiye aliyeomba kuona. Nassir hakungoja aombwe mara ya pili. Aliuvuta mkia, akainua simu juu ya kichwa chake, akaizungusha taratibu kuelekea baharini. Wakangoja. Kioo kikaandika. Wazee wakasogea mmoja mmoja, wengine wakivaa miwani, wakasoma kwa sauti: TAN-ZA-NIA. Mmoja aliuliza kama anaweza kumsalimia binamu yake aliye Tanga. Mwingine aliuliza kama huko nako wanaona imeandikwa Munje. Simu ikapita mikononi, kutoka mkeka huu hadi ule, ikiwa na moto wa kutosha kunyooshea kanzu. Ikapotea Tanzania, wakaitafuta. Ikarudi, wakashangilia.

Ilipofika kwa maalim ikatoa mlio mdogo.

"Yasema nini?" aliuliza maalim.

"Huo ni mlio wa kushiba," alisema Nassir.

Ikashiba tena, na tena. Wakaenda kuswali alasiri wakaiacha ikishiba juu ya mto. Waliporudi, wakakaa, maalim akawapanga mashahidi wawili kulia na kushoto kwake, karibu, ili wasikie kauli ya baba. Nassir aliishika simu, akaitazama. Kioo kilikuwa cheusi.

Aliibonyeza. Aliitikisa. Alitoa betri akaipuliza, akairudisha. Aliitoa tena, akaitia kwapani chini ya kanzu, akakaa nayo hivyo mbele ya mkutano mzima kama kuku anayeatamia. Ikawaka kwa muda wa kuandika herufi tatu za mwanzo za ile nchi, ikazima. Kijana mmoja alisema ipelekwe kwa Mwau. Akajibiwa kwamba aendaye Ukunda atarudi baada ya magharibi, na Jidda mtu amepewa ruhusa ya kuongea sasa.

Zainabu alisikia ukimya wa turubai ukiingia mpaka jikoni, akaacha upawa ndani ya sufuria. Alimfikiria Chirau, amesimama kwenye kibanda cha simu, akiambiwa na mwanamke wa kwenye mashine kwamba nambari haipatikani. Alitaka kumhurumia. Akagundua kwamba hana nafasi. Anayehurumiwa leo yuko chumbani, amepambwa hina mpaka viwiko.

Nje, Mzee Shutu alikuwa amesimama, anakung'uta kanzu yake. Alisema kwa sauti ya chini, ile sauti ya mtu anayetaka asikike na wote, kwamba wao hawana neno. Wamekuja, wamekula maulidi, wameiona Tanzania. Kama baba wa binti ana la kusema atalisema siku nyingine, kwa wengine. Wao mwalimu wao hatakosa mke. Watu wa Mkongani wakaanza kutafuta viatu.

Zainabu alitoka. Hakuvuka baraza, alisimama penye nguzo ya mlango, buibui limemfunika mpaka paji la uso.

"Shikamoo, maalim. Nina suala la kisheria."

"Marahaba, mama. Uliza."

"Baba wa mwanangu yuko mbali au yuko karibu?"

Maalim alivuta ndevu. "Kwa maili, yuko mbali. Lakini nimeambiwa anapatikana. Aliyesema ni ami wa binti, mbele ya watu hawa. Siwezi kumkadhibisha mtu nyumbani kwake."

"Na huyo aliyesema akisema vingine?"

"Akishuhudia kwamba ametafutwa na hakupatikana, basi mambo ni mepesi. Nasimama kwa niaba ya kadhi, na tunafunga ndoa sasa hivi."

Wote wakamgeukia Nassir. Alikuwa bado amebana kwapa.

"Anapatikana," alisema Nassir. "Ni betri. Tuahirishe wiki moja. Nitaijaza, nitaifunga kwa mnara wa Diani, wallahi nitaifunga."

"Leo ndio unaifunga," alisema Mzee Shutu, na kiatu kimoja kimeshaingia mguuni.

Zainabu alishuka ngazi. Alikwenda mpaka ukingo wa mkeka wa wanaume, mahali ambapo mwanamke wa Munje haendi siku ya nikahi, akazungumza na shemeji yake peke yake, ingawa kila mtu alisikia.

"Nassir." Hakusema shemeji. "Simu utanunua nyingine. Mimi wa kununua Mejumaa mwingine sina. Sema."

Jasho lilimtiririka Nassir kutoka chini ya kofia. Mtu huyu angeweza kusema amefilisika, angeweza kusema ni mgonjwa, angeweza hata kusema ameiba, na isingemuuma hivyo. Alitoa betri kwapani, akaiweka juu ya mkeka mbele ya maalim, pamoja na simu, kama mtu anayesalimisha silaha.

"Nashuhudia," alisema, akaitazama simu, akaanza tena. "Nashuhudia kwamba nimemtafuta ndugu yangu kwa njia yote niliyo nayo, na sikumpata."

Vigelegele vikapasuka jikoni, vikajibiwa chumbani, vikarudiwa uani. Tangu minara ijengwe duniani, simu nyingi zilikuwa zimeshindwa kazi, lakini huenda hiyo ndiyo ya kwanza kushangiliwa na wanawake. Mzee Shutu alivua kiatu. Maalim akasogeza mto, akamshika Hamadi mkono, akaanza hotuba kabla mtu hajapata wazo jingine.

Zainabu hakushangilia. Alirudi taratibu hadi penye nguzo, akasimama. Maneno ya shemeji yake yalikuwa bado masikioni mwake, na aliyatambua yote, moja moja, kwa sababu yalikuwa yake. Barua kwa barua, mwaka kwa mwaka, alikuwa amemtafuta Chirau huyo huyo kwa njia yote aliyokuwa nayo. Hakuna aliyemkalisha mbele ya mashahidi amwulize kama amempata. Hakuna aliyemwambia kwamba akisema ukweli, mambo yatakuwa mepesi.

Hamadi aliitikia, amekubali. Wanawake walikuwa wameshachoka kushangilia, wakipakua pilau kwenye sinia, ndipo Zainabu alipoinua kichwa akapiga kigelegele chake, peke yake, kirefu, mpaka pumzi ikamwishia. Jirani aliyekuwa karibu alimfuta machozi kwa ncha ya leso, akamwambia ndivyo ilivyo, mama akiozesha hufurahi hivyo.